Ndege wa chini msituni Gede: ni yule aitwaye pita kweli, au ni macho yangu tu?

Mpwani_Mtoro, 14 Juni

Wakuu na wazee wangu, salaam. Kuna jambo limeninyima usingizi tangu jana, naomba msinicheke sana.

Jana asubuhi nilikuwa Gede, pwani ya Kenya, ndani ya magofu ya mji wa kale. Si mara yangu ya kwanza, huwa naenda kutazama ndege na kupumzisha kichwa. Nilipita Kasri, nikashika kijia kinachoelekea ukuta wa nje, kule ambako wageni wengi hawafiki. Jua lilikuwa bado halijapenya, chini ya miti kulikuwa na kile kiza cha kijani. Nikasikia majani makavu: chakacha. Kimya. Chakacha mara mbili. Kimya. Nikasema huyo ni sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, maana pale wapo na kelele zao nazijua. Nikasimama tu kwa uvivu.

Hakuwa sange. Alikuwa ndege, ukubwa wa kurumbiza aliyenenepa, anarukaruka kwa miguu miwili kama mtu wa mbio za magunia. Akasimama kando ya mzizi wa mbuyu, akaganda. Mgongo niliuona mweusi-mweusi, na juu ya jicho palikuwa na weupe fulani, au nadhani palikuwa nao. Nikainua kamera. Akaruka chini chini, akanipita pembeni, bawani pakamulika kitu cheupe, akazama nyuma ya ukuta. Yote hayo sekunde nne, labda tano. Picha ninayo moja. Ndani yake mna mzizi na aibu yangu.

Kitabu nimeshakifungua. Moyo unasema pita, *Pitta angolensis*. Akili inasema ngoja kwanza. Nyinyi mnasemaje?

Kima_wa_Kasri, 14 Juni

Kurumbiza huyo. Tuendelee na mengine.

Mpwani_Mtoro, 14 Juni

Kurumbiza kichwa-chekundu namjua kaka, wakati huu wa kusi wamejaa kila kichaka hapa pwani. Yule wa kwetu ana rangi ya chungwa usoni hadi tumboni, na bawani hana weupe wowote. Tena kurumbiza hanyamazi, ataiga kila sauti aliyowahi kuisikia. Huyu alikuwa bubu.

Darubini_Kuukuu, 14 Juni

Mwanangu, ungengoja kidogo kukifungua hicho kitabu. Sikulaumu, sote tumefanya hivyo. Ila kitabu kikishafunguliwa, kumbukumbu huanza kuazima rangi, na rangi za kuazima hazirudishwi. Kesho utaapa kwamba tumbo ulikuwa umeliona jekundu.

Nijibu kwa yale uliyoyaandika palepale, usinijibu kwa unayoyakumbuka leo. Mkia ulikuwaje? Weupe ulikuwa upande wa juu wa bawa au wa chini? Tumbo ulilionaje? Na mabawa aliyapigaje, kwa haraka kama kware anayekurupushwa, au kwa mapigo yanayohesabika?

Mpwani_Mtoro, 14 Juni

Mzee Darubini, shikamoo. Sikuandika kitu. Kitabu nilikifungua ndani ya matatu.

Mkia sikumbuki kabisa. Tumbo sikuliona. Mabawa: haraka, lakini nilishtuka, kwa hiyo hata kunguru angeonekana ana haraka. Weupe ndio ninao uhakika nao, ila juu au chini ya bawa siwezi kula kiapo.

Darubini_Kuukuu, 15 Juni

Marahaba. Kusema hukumbuki ni jibu zuri kuliko unavyodhani.

Sasa sikiliza shida ilipo. Sisi wa pwani hii tuna ndege wawili wa chini, wote wageni wa msimu wa kusi, wote wasiri, wote wanapenda giza lilelile na majani yaleyale, na wote wawili wana weupe bawani. Wa kwanza ni huyo pita wako. Wa pili ni mkesha wa madoa, *Geokichla guttata*. Hapo Gede ni mahali mashuhuri pa huyo wa pili. Mtu akiniambia ameona kitu cha chini Gede mwezi wa Juni, kilichomulika weupe, mimi naanza na mkesha. Pita namfikia baadaye, kwa shida.

Weupe wao haukai mahali pamoja. Pita ana baka jeupe kwenye manyoya marefu ya bawa, na akiruka unaliona hata ukiwa juu yake au nyuma yake, pamoja na kiuno cha samawati kinachong'aa kama kigae. Akitua akakunja bawa, weupe wote unapotea. Mkesha ana weupe wake chini ya bawa, mistari mipana myeusi na myeupe, kwa hiyo anaumulika anapoinua bawa au anapokata kona. Kwa juu, bawa lake lina safu mbili za vidoa vyeupe, kama mtu kamdondoshea chokaa.

Na mkia ndio hakimu. Wa pita ni mfupi mno, akiruka ni kama tufe lenye mabawa. Wa mkesha ni mkia wa kawaida wa ndege. Ndiyo maana nilianza kwa kukuuliza mkia.

Bi_Saumu, 15 Juni

Mimi pita nimewahi kumshika mkononi, na sikumtafuta.

Niko Dar es Salaam. Mwaka mmoja, mwezi wa Mei, usiku wa manyunyu, tulisahau kuzima taa ya kibarazani. Kwenye saa nane usiku nikasikia kishindo kwenye kioo. Nikadhani ni mwizi, mume wangu akadhani ni embe. Kutoka, ndege amelala chali, mdomo wazi. Nilipomgeuza nilidhani ni kasuku wa mtu ametoroka, kwa zile rangi: mgongo kijani, kifua rangi ya mchanga, tumbo hadi chini ya mkia nyekundu ya damu, kichwa cheusi chenye nyusi pana za rangi ya mchanga, na bawani vipande vya samawati. Miguu mirefu kuliko alivyostahili. Mkia, Mzee Darubini kasema kweli, ni kama ulisahauliwa.

Jirani yangu anayejua mambo haya akanieleza kwamba ndege hawa husafiri usiku, na taa huwavuta na kuwachanganya, hasa mawingu yakiwa chini. Akaniambia nimweke kwenye boksi lenye matundu, mahali pa giza na kimya, nisimlazimishe maji wala chakula, nisimfungulie-fungulie kumwonyesha watu. Hilo la mwisho lilikuwa gumu, maana mtaa mzima ulishajua. Jioni nikampeleka kwenye miti, nikafungua boksi. Alikaa dakika nzima ananitazama. Kisha akaingia kichakani kwa miguu, hop, hop, hop, bila hata kuruka. Toka siku hiyo taa ya kibaraza haiwaki usiku bila sababu.

Kima_wa_Kasri, 15 Juni

Nafuta kauli ya kurumbiza. Lakini jamani, jina lenyewe si linatosha? Pita. Anapita. Mtoro alikuwa pale, ndege kapita, kwisha habari.

Mwana_wa_Waya, 15 Juni

Samahani wazee, mimi mgeni kwenye mambo ya ndege. Kwa nini asirudi pale na simu, apige sauti ya pita kwa spika ndogo? Ndege akiwepo atajibu, mambo yataisha asubuhi moja.

Darubini_Kuukuu, 16 Juni

Kijana, karibu, na swali lako ni la haki kwa hiyo silipigi teke. Ila kwa Gede mwezi wa Juni hiyo sauti ni kelele tupu.

Pita anaita akiwa kwao anakozaliana: kusini-mashariki ya Tanzania, Msumbiji, Malawi, Zambia, Zimbabwe. Mvua za kwanza zikishanyesha, Novemba na Desemba, dume anakaa kwenye tawi, anatoa mlio kama mkwaruzo unaoishia kwa mruko, na yeye mwenyewe anaruka juu kidogo na kutua palepale. Anagombania eneo na jike. Majuma machache tu, kisha ananyamaza. Huku kwetu amekuja kula. Hana eneo la kulinda, hana mke wa kumwita. Utapiga spika hadi betri iishe na yeye atakuwa amesimama mita kumi kutoka kwako, anakutazama.

Na kule anakozaliana nako, kumpigia sauti kila saa ili umwone ni kumtoa kazini. Anaacha kula, anaacha kumlinda jike, anakimbilia adui ambaye hayupo. Mkesha ndiyo usimguse kabisa kwa mchezo huo. Yeye yumo kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka, na misitu yake ya pwani imebaki vipande vipande.

Mtoro, rudi, lakini rudi ukae. Hawa ndege hawatafutwi kwa kutembea. Anayetembea anaonwa kwanza, basi. Chagua mahali penye majani mazito, kivuli cha kudumu na unyevu kidogo, uegemee mti, usivae nguo nyeupe. Kaa chini kabisa, macho yawe usawa wa magoti ya mtu aliyesimama. Utashangaa: msitu ambao ukisimama ni ukuta wa majani, ukikaa una veranda ndefu chini yake, unaona mbali. Mbu watakula. Kubali.

Halafu sikiliza mwendo wa majani. Sange anakwaruza huku anakwenda, pua chini, na akishtuka anadunda kama mpira. Kororo wanachakura kama kuku, wengi, wanasemezana. Pugi anatembea taratibu, unasikia hatua ndogondogo, na akiruka bawa lina rangi ya kutu. Pita na mkesha hugeuza jani moja au mawili kisha wananyamaza muda mrefu. Ule ukimya katikati ndio unaoutafuta. Wewe mwenyewe umeandika hapo juu: chakacha, kimya, chakacha mara mbili, kimya. Sikio lako lilijua kabla ya jicho.

Mtu_wa_Lindi, 16 Juni

Nawafuatilia kimyakimya kutoka huku chini. Niongeze moja: hao pita wa mashariki, wanaosafiri, kisayansi wanaitwa *longipennis*, maana yake wenye mabawa marefu. Wale jamaa zao wa Afrika ya Magharibi hawana sifa ya safari kama hizi. Kwa hiyo ukimwona anarukaruka kama chura usidhani ni mvivu wa kuruka. Huyo ametoka huku kwetu au mbali zaidi, usiku, juu ya vichwa vyenu mmelala.

Na mkesha naye ni wa huku. Rondo na Litipo, misitu ya mkoa wetu, ni miongoni mwa sehemu chache zinazojulikana kwamba wale wanaokuja kwenu Kenya huzaliana. Mnatuazima ndege kuanzia Aprili hivi, mnaturudishia Oktoba. Tunaomba muwatunze.

Mpwani_Mtoro, 22 Juni

Nimerudi na ripoti. Asubuhi tatu.

Asubuhi ya kwanza: mbu, kima waliokuja kukagua mfuko wangu, na sange mmoja aliyenipita karibu na kiatu, kiuno chake cha dhahabu kinawaka. Nilikaa saa mbili nzima. Mguu ulikufa ganzi nikainuka kama mzee.

Asubuhi ya pili: kororo. Kundi zima lilikuja kuchakura mbele yangu, likafukuza kila kitu, likaondoka. Pugi wawili. Kurumbiza mmoja aliimba nyimbo za ndege sita, na kwa dakika kumi nilikuwa namtafuta kozi ambaye hayupo.

Asubuhi ya tatu nilihama nikaenda karibu na ukuta, pale pale nilipomwona yule. Hii mara nilikwenda na daftari, kitabu nikakiacha nyumbani makusudi. Kama dakika arobaini, nikasikia jani moja. Kimya. Nikahesabu hadi hamsini. Jani jingine. Sikugeuza kichwa, niligeuza macho tu. Alikuwa amesimama wazi, mita nane, mgongo wa kahawia yenye ukijani, tumbo jeupe lililojaa madoa meusi mazito kama ya chui, miguu ya waridi, na usoni mistari miwili myeusi inayoshuka kama machozi. Bawani zile safu mbili za vidoa. Nakili nilichoandika palepale, bila kupamba: "Si pita. Mzuri kuliko nilivyotarajia. Mkia wa kawaida. Anatikisa jani, anatazama, anangoja."

Nilimtazama kwa dakika sita. Kisha tawi likadondoka mahali, akaruka kuelekea kwangu, akakata kona, na chini ya bawa nikaiona ile mistari, myeupe na myeusi, wazi kabisa. Akatua kwenye tawi la chini akakaa pale ameganda. Picha hizo tatu hapo chini si za kushinda tuzo, lakini mkesha yumo.

Bi_Saumu, 22 Juni

Hongera sana mdogo wangu! Hayo madoa, mashallah.

Kima_wa_Kasri, 22 Juni

Hongera mtoro. Basi kesi imefungwa, wa kwanza naye alikuwa mkesha.

Mpwani_Mtoro, 22 Juni

Hapo ndipo ninapokwama. Huyu wa leo alinijia, nikaona bawa kwa chini. Yule wa kwanza alinipita pembeni, chini ya kiuno changu, nami nimesimama. Nilikuwa namtazama kwa juu. Na ule weupe ulikuwa baka moja, haukuwa mistari. Halafu mgongo wa huyu leo, hata kivulini, ulionekana kahawia. Yule nilimwona mweusi.

Darubini_Kuukuu, 23 Juni

Picha ya pili inatosha mahakamani. Ni mkesha, bila wasiwasi.

Kuhusu yule wa kwanza, hoja yako ya kutazama kwa juu ina uzito, na hiyo ya mgongo pia, maana kijani cha pita gizani huwa cheusi kabla hakijawa kijani. Lakini ndege akikata kona anainua bawa moja, na mtu aliyesimama juu anaweza kuona upande wa chini kwa nukta moja. Mistari miwili ikipita haraka inakuwa baka moja. Nakuuliza mara ya mwisho: kuna kitu kingine?

Mpwani_Mtoro, 23 Juni

Kipo, mzee wangu, na ndicho kinachonisumbua. Tangu juzi nakumbuka kama kulikuwa na kitu cha kung'aa kiunoni, samawati hivi. Nakiona kabisa nikifumba macho. Lakini sikukitaja hapa tarehe 14. Wewe ulikiandika tarehe 15, ndipo mimi nikaanza kukikumbuka.

Darubini_Kuukuu, 23 Juni

Basi unalo jibu.

Kima_wa_Kasri, 23 Juni

Mimi ningemwandika. Baka jeupe, mgongo mweusi, nyusi. Nani ataenda kumuuliza ndege?

Mpwani_Mtoro, 23 Juni

Wenye ramani ya ndege ya Kenya watauliza, kaka. Mkesha nimeshampeleka kwenye hiyo ramani, Kenya Bird Map, na kwenye eBird, daftari la ndege la mtandaoni, na picha zake. Yule wa kwanza amebaki kwenye daftari langu: "Gede, 13 Juni, ndege wa chini, weupe bawani, hajulikani." Nitarudi mara kadhaa kabla ya Oktoba. Darubini nimeshafuta ukungu.

Mwana_wa_Waya, 24 Juni

Mimi nimenunua daftari. Darubini bado. Huku kwangu hakuna msitu ila kuna shamba la mikorosho lenye majani mengi chini, nitaanzia hapo.

Mpwani_Mtoro, 19 Oktoba

Kwa waliokuwa wanauliza: mara kumi na moja. Mkesha nimemwona mara nne. Pita, hakuna. Juma hili hata mkesha simsikii tena, majani yamenyamaza. Kusi imekufa.

Bi_Saumu, 20 Oktoba

Wanashuka sasa. Wenzangu wa Dar na Tanga, zimeni taa za nje majuma haya, hasa usiku wa mawingu.

Mtu_wa_Lindi, 3 Desemba

Wakuu, naufufua uzi huu. Mvua ya kwanza kubwa huku ilinyesha wiki iliyopita. Leo alfajiri, kichaka cha miiba nyuma ya shamba la shemeji yangu, nimesikia ule mlio: mkwaruzo, kisha mruko. Nikakaa chini kama mzee alivyofundisha. Alikuwa kwenye tawi, urefu wa mita nne hivi, anaita, anaruka, anatua, anaita. Nusu saa. Hajali.

Mpwani_Mtoro, 3 Desemba

Mkia umeuona?

Mtu_wa_Lindi, 3 Desemba

Nimeuona. Kama umekatwa na mkasi.